Mdudu Hana Haja ya Ufunguo

(Maneno ya Kamati ya Mashamba, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)



Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha leo tukiwa wazima. Pili tunawakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ambao tulianza nao na leo hawapo kuila pilau hii pamoja nasi. Mungu awarehemu.

Waliotutangulia kusema wameeleza vizuri habari za sanduku, mikopo iliyotoka na iliyorudi, na watoto waliopata ada. Sisi wa Kamati ya Mashamba tumeonelea tuseme juu ya jambo ambalo halimo katika daftari la Mweka Hazina, lakini kila msimu linatia mkono katika sanduku letu. Jambo lenyewe ni wadudu. Msicheke jamani! Tunasema wadudu hawa hawa wanaouma na kuchoma: mbu, usubi, mbung'o, nyuki, manyigu, siafu, nge na wenzao.

Sanduku letu lina kufuli 3, na funguo zake ziko kwa akina mama 3 mbalimbali. Hakuna awezaye kulifungua peke yake, nasi tunajivunia utaratibu huo. Lakini hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme hisa moja ni shilingi 2,000, na mama ana desturi ya kununua hisa 3 kila wiki. Wakati wa palizi anashikwa na homa, analala siku 7. Wiki hiyo hakununua hisa, basi shilingi 6,000 hazikuingia. Nauli ya kwenda zahanati na kurudi ameitoa kwa kukopa mfuko wa jamii. Akitafuta kibarua amalizie palizi, naye anataka chake. Asipotafuta, magugu yanaushinda mpunga, magunia yanapungua, na mkopo wa mbegu unachelewa kurudi. Sasa tuulizane: nani ameiba? Kufuli zote 3 ziko mahali pake. Mdudu hana haja ya ufunguo.

Katika kikundi hiki hakuna mama anayefanya kazi yake yote ndani ya nyumba. Wengine tunalima mpunga kwenye mabonde ya Matandu na Mbwemkuru, wengine ufuta na mihogo, wengine tunaokota korosho, wengine wako kwenye mashamba ya chumvi, na bamvua likifika wengi tunashuka pwani kutafuta pweza na chaza. Kila mahali pana mdudu wake. Nasi wanawake wa pwani tumefundishwa kuvumilia. Mama akisema mbu wamemzidi, huambiwa anadeka. Uvumilivu ni jambo jema, lakini kumvumilia mdudu anayetia maradhi si ushujaa. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Na sisi wa mkoa huu tunayajua matende na mabusha kwa macho, wala hayaletwi na mwiba. Yanaletwa na minyoo midogo inayopandikizwa na mbu, akiuma leo na kesho na mwakani, kwa muda mrefu. Haba na haba hujaza kibaba: akiba hujaa hivyo, na maradhi nayo hujaa hivyo hivyo.

Basi tumekuja na mambo matatu ya kukumbushana, halafu tutaleta maombi yetu mbele ya mkutano.

Kila mdudu ana saa yake

Jambo la kwanza ni saa. Anayeijua saa ya adui yake amekwisha kupata nusu ya kinga.

Mbu wa malaria kazi yake kubwa ni ya usiku, tangu giza linapoingia mpaka karibu na alfajiri. Tangu mwaka 1897, pale daktari Ronald Ross alipoona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko India, watu wamejua kwamba malaria haitoki kwenye jua, wala kwenye maembe mabichi, wala kwenye kunyeshewa na mvua. Inatoka kwa mbu. Hilo sote tunalijua, na majumbani mwetu vyandarua vimo. Lakini chandarua kiko nyumbani, na je, mama yuko wapi?

Mpunga ukianza kutoa masuke, mama yuko kwenye dungu. Mchana anafukuza ndege, usiku anapiga debe kufukuza nguruwe. Huko bondeni maji yamesimama, na dungu lenyewe halina ukuta wa kuzuia chochote. Watoto wanaosoma wamebaki kijijini na bibi yao, na mdogo anayenyonya yuko na mama. Nyumba zimekuwa mbili, na chandarua ni kile kile kimoja. Mama akikichukua, anawaacha watoto wa shule wazi. Akikiacha, anajiacha wazi yeye na kichanga chake. Tunalisema hili kwa uzito, kwa sababu ndipo hasa mwizi wetu anapopitia. Walio katika hatari kubwa kuliko wote ni mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5, na dungu linawalaza wote wawili pamoja.

Wapo pia mbu wa mchana, wale weusi wenye madoa meupe miguuni. Hawa hawaleti malaria, lakini wasidharauliwe, kwani wana historia yao huku kwetu kusini. Mwaka 1952 hadi 1953 ulizuka ugonjwa huko Newala na uwanda wote wa Wamakonde. Mtu alishikwa ghafla na homa, viungo vikauma hata akashindwa kujinyoosha. Wamakonde wakauita kwa lugha yao chikungunya, yaani kitu kinachomkunja mtu. Wataalamu wawili, Robinson na Lumsden, wakauandika mwaka 1955, na jina hilo la Kimakonde likaenea dunia nzima. Leo daktari wa India au wa Marekani analitamka kama sisi. Mwaka 2004 ugonjwa huo uliibuka Lamu, mwaka 2005 ukafika Komoro, na kati ya 2005 na 2006 uliwapata karibu theluthi ya watu wa kisiwa cha Réunion. Yaani ulishuka na kuvuka katika bahari hii hii yetu.

Mafunzo yake ni mawili. La kwanza, si kila homa ni malaria. Anayeugua apimwe kwanza kwa kuchomwa kidole, asimeze dawa mseto kwa kubahatisha. Kama vipimo havioni malaria na viungo vinauma sana, tumwambie mganga hivyo hivyo, wala tusikimbilie aspirini, kwa sababu homa ya dengi nayo inaletwa na mbu hao wa mchana na aspirini huweza kuzidisha kutoka damu. La pili, mbu huyu hazaliani mtoni. Anazaliana katika maji kidogo yaliyotuama: kifuu cha nazi, kopo, tairi bovu, shimo la mti, ndoo iliyosahauliwa chini ya mkorosho. Tukimaliza kula shambani, tufunike vifuu kichwa chini. Ni kazi ya dakika moja.

Usubi, wale wadogo wa mikokoni wasioonekana ila kwa ukali wao, hutoka zaidi alfajiri na jioni, upepo ukiwa umetulia. Upepo wa bahari ukivuma, wanajificha. Matundu ya chandarua cha kawaida hawayahesabu, wanapita. Kwa hiyo wenzetu wa chumvi na wa pwani, panapowezekana, kazi ya kuinama karibu na mikoko ifanywe jua likiwa juu. Tena tusijikune. Ukucha unafungua ngozi, uchafu unaingia, na kidonda kinakaa mwezi mzima.

Mbung'o naye ni wa mchana, na nguo nyepesi haimzuii. Wenzetu wanaolima upande wa magharibi, kuelekea mapori ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, wanamjua vizuri. Wazee walituhadithia jinsi katika miaka ya 1940 watu wa Liwale walivyohamishwa makwao na serikali ya kikoloni kwa ajili ya malale. Siku hizi wagonjwa wa malale wamekuwa wachache sana nchini, na hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini mtu aliyeumwa na mbung'o, pakavimba kidonda, kisha akapata homa isiyosikia dawa na kichwa kisichopoa, asikae nyumbani. Amwambie mganga kwamba alikuwa porini. Pengine neno hilo moja tu ndilo litakalomfanya mganga atafute kinachohusika.

Nguo ya shamba

Jambo la pili ni nguo, na hapa tutawagusa bibi zetu kidogo, watuwie radhi. Tangu zamani nguo ya mwanamke ya shamba ni kaniki. Haichafuki upesi, ni ngumu, na bei yake ilikuwa ya maskini. Yote hayo ni kweli. Lakini tazameni mitego ya mbung'o inayotundikwa maporini: imeshonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Watafiti walichagua rangi hizo kwa sababu mbung'o huvutwa na buluu na hupenda kutua kwenye cheusi. Nyuki naye akikasirika huiendea rangi nyeusi kwanza, ndiyo maana warina asali wa kisasa huvaa nguo nyeupe. Mbu wa mchana pia hupenda cheusi. Basi mama aliyejifunga kaniki porini amejifanya mtego, isipokuwa yeye hana sumu ya kumwua mbung'o.

Hatusemi tutupe kaniki. Tunasema kwa kazi ya porini na bondeni tuvae rangi hafifu: kaki, rangi ya udongo, kijivu, au kanga kuukuu iliyopauka. Shati la mikono mirefu la baba watoto lina kazi bora shambani kuliko kwenye kamba. Suruali ndani ya kanga, imechomekwa kwenye soksi au kwenye buti la mpira, si aibu wala si kuiga wanaume. Ni kumnyima siafu njia. Kichwa tukifunge, na masikio yawe ndani. Na marashi, mashoga zetu, tuyaache nyumbani, kwa kuwa harufu kali yaweza kuwachokoza nyuki.

Kabla ya kuvaa buti asubuhi, tulikung'ute. Kabla ya kuinua mganda wa ufuta uliolala chini au gunia la jana, tuligeuze kwanza kwa fimbo, kwa maana nge na tandu hupenda vivuli hivyo. Aliyechomwa na nge aoshwe kwa maji na sabuni, apewe dawa ya maumivu, atulie. Tusichanje wembe wala tusifunge kamba ya kuzuia damu. Akiwa ni mtoto, apelekwe hospitali mara moja hata kama analia kidogo tu.

Tusiende peke yetu

Jambo la tatu ni umoja, ambao ndio uliotukusanya hapa. Tunasema mama asiende peke yake kwenye shamba la mbali, na sababu kubwa ni nyuki.

Nyuki akichoma huacha mwiba wake mwilini pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko hicho huendelea kusukuma sumu hata nyuki mwenyewe akiwa ameshakufa. Kwa hiyo mwiba utolewe haraka, kwa ukucha au kwa kitu chochote kilicho karibu. Muhimu ni upesi. Tena mwiba huo hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita nyuki wengine waje pale pale. Ndiyo maana kumpiga nyuki na kumponda ni kuwaita ndugu zake. Wakiondoka mzingani, tusirushe mikono. Tufunike uso kwa kanga, tukimbie moja kwa moja bila kuzunguka, tuingie nyumbani au kichakani. Tusijitose majini, kwani watakungoja juu. Manyigu yenyewe hayaachi mwiba, na moja laweza kuchoma mara nyingi, kwa hiyo dawa yake ni kuondoka tu. Na kabla ya kufyeka kichaka au kuingia dungu la mwaka jana, tuangalie kwanza kwenye makuti kama manyigu yamejenga.

Watu wengi huvimba pale walipochomwa, wakaumia siku mbili, yakaisha. Lakini wapo ambao damu yao haipatani na sumu hiyo. Mwenzetu akichomwa, hata na nyuki mmoja, kisha akavimba midomo au ulimi, akakoroma kifua, akatokwa na vipele mwili mzima, akatapika au akaona kizunguzungu, hapo hakuna kungoja. Alazwe chini, na kama pumzi inambana aketi. Apelekwe upesi sana kwenye sindano ya adrenalini. Kwa mtu wa hali hiyo dakika zina thamani kuliko fedha. Sasa fikirini mama wa namna hiyo akiwa peke yake bondeni, saa mbili za mwendo toka barabarani. Ndiyo maana tunasema tuende wawili wawili, na simu moja yenye chaji iwepo, na namba ya kijana wa pikipiki tuwe nayo.

Siafu nao wanadai umoja. Wakati wa mvua hupita kwa misafara, na wakiingia nyumbani, wapisheni. Watakula mende na panya, na baada ya saa chache watakwenda zao. Lakini mtoto mchanga aliyelazwa kwenye kanga kando ya shamba hawezi kuwapisha. Mtoto asilazwe chini peke yake hata kwa jembe la dakika tano. Mmoja wetu akae naye, na zamu ibadilike. Hiyo nayo ni akiba.

Rafiki anayeuma

Sasa tuseme neno juu ya maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mikorosho na minazi kuwa viota. Kila msimu wa kupogolea na kuokota, ubishi unatokea: wapigwe dawa au waachwe? Wanauma kweli, na wanapouma wanamwaga na asidi juu ya jeraha. Hata hivyo tunaomba waachwe.

Mikorosho yetu na minazi ina maadui wanaofyonza machipukizi na tunda changa. Mabwana shamba huwaita mbu wa mikorosho na mbu wa minazi, ingawa hawamwumi mtu. Maji moto huwawinda hao. Katika miaka ya 1950 mtaalamu aitwaye Way alionyesha huko Unguja kwamba mnazi wenye maji moto wa kutosha haupukutishi nazi changa kama mnazi usio nao; yule mbu wa minazi hata jina lake la kitaalamu limetokana na jina la Way. Watafiti wa korosho hapa Tanzania nao wameona vivyo hivyo: mti wenye maji moto wengi huharibiwa kidogo. Basi mdudu huyu ni mlinzi asiyedai mshahara. Tunaweza kuishi naye kwa adabu. Tupake majivu mikononi na kwenye ngazi, tufanye kazi chini ya mti asubuhi kabla hawajachangamka, na korosho tuziokote chini badala ya kupanda kuzitikisa. Kumwua ili tuokote kwa raha siku mbili, halafu tununue dawa ya kufanya kazi yake, hiyo si hesabu ya kikundi cha kuweka na kukopa.

Dawa zisizo dawa

Lipo jambo lingine ambalo hatuwezi kuliacha. Dawa ya shamba si dawa ya mwili. Salfa ni ya ubwiriunga wa mikorosho; haipakwi miguuni kufukuza siafu, wala hainyunyizwi kwenye mkeka wa mtoto. Zile dawa za maji za kuulia wadudu ni hatari zaidi, kwa kuwa hupenya ngozi na kuingia mwilini. Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi, na mtoto akiyanywa ni msiba. Chupa ya soda iliyowahi kutia dawa isiwekwe tena kitu cha kunywa.

Moshi wa makumbi, kivumbasi na majani ya mwarobaini tuliurithi kwa wazee, na kweli hupunguza mbu. Lakini hufanya kazi ukiwaka tu. Saa nane za usiku moto umezimika, mama amesinzia kwa uchovu, na mbu hajasinzia. Tena moshi mwingi ndani ya dungu ni ugonjwa wa kifua kwa kichanga. Moshi uwe msaidizi wa jioni, chandarua kiwe mlinzi wa usiku. Yale mafuta ya kupaka ya dukani ya kufukuza mbu yanasaidia sana mtu anapokesha nje ya chandarua, lakini yafuatwe maelezo yake, hasa kwa watoto.

Maombi yetu

Wapo watakaosema: mambo yote haya yatakwisha serikali ikiwamaliza wadudu. Ni kweli Unguja walimmaliza mbung'o. Madume waliofugwa Tanga wakafanywa tasa waliachiwa kwa ndege, na mbung'o wa mwisho wa pori alinaswa mwaka 1996. Lakini Unguja ni kisiwa, bahari ndiyo uzio wake. Pori letu halina uzio. Sisi hapana budi tujikinge wenyewe tulivyo, huku tukishirikiana na zahanati na mabwana shamba wetu.

Kwa hiyo, Bi. Mwenyekiti, Kamati inaleta maombi manne, na tunaomba yazungumzwe katika mkutano mkuu kabla mpunga haujatoa masuke.

Kwanza, kila mwanachama anayelala dungu apate chandarua cha pili, cha dungu, chenye dawa, kwa mkopo wa mfuko wa jamii usio na riba, aulipe baada ya mavuno. Tunajua wenzetu wengine wanapinga. Wanasema mfuko wa jamii ni wa maradhi na misiba, si wa kununua vitu. Hoja yao ni ya haki, kwa sababu mfuko ukimalizika kwa vyandarua, siku ya msiba tutatazamana. Jibu letu ni kwamba wasipewe wote kwa mara moja. Tuanze na wajawazito na wenye watoto wachanga, halafu waliobaki kwa zamu. Na tutazame katika daftari ni mara ngapi mfuko huo umefunguliwa kwa ajili ya homa wakati wa dungu. Tunauliza tu: ni lini kununua kufuli kumehesabiwa kuwa ni kuharibu fedha?

Pili, tununue kwa pamoja mabuti ya mpira kwa bei ya jumla, anayetaka akatwe kidogo kidogo.

Tatu, miezi ya dungu mkutano wa wiki uanze mapema na uishe saa 9 alasiri, ili mama arudi bondeni kabla ya saa za mbu. Na faini ya kutofika isitozwe kwa mwenye homa. Mtu hawezi kuibiwa na mdudu halafu akatozwa na wenzake.

Nne, tumwombe mganga wa zahanati aje siku moja kila mwaka, kabla ya msimu, atuonyeshe namna ya kumhudumia aliyechomwa na nyuki au nge, na atukumbushe wajawazito juu ya zile dawa za kinga za malaria zinazotolewa kliniki.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatuombi chandarua cha bure leo, ingawa ukitupa hatutakirudisha. Tunachoomba kwako ni barabara ya kuelekea bondeni ipitike wakati wa mvua, maana aliyeshindwa kupumua hangoji tope likauke.

Akina mama, miaka 10 iliyopita tulianza kwa kuaminiana. Leo tunaamini daftari, tunaamini kufuli, tunaamini mwenzetu mwenye ufunguo. Tuongeze moja tu: siku za kazi za mwenzetu tuzihesabu kuwa ni mali ya kikundi, tuzilinde kama tunavyolilinda sanduku. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwetu sisi ni bora kuliko mkopo pia.

Kamati iko tayari kujibu maswali baada ya chakula.